Pembe ya nyuzi 60 inawaficha wanaokosea pendulumu

Mhariri,

Gazeti likichapisha maswali ya majaribio ya fizikia kwenye ukurasa wa elimu, swali la pendulumu halikosi, na sura yake ni ileile: gololi imefungwa kwenye uzi wa mita 1, imevutwa kando mpaka uzi ukafanya pembe ya nyuzi 60 na wima, kisha ikaachiwa. Tafuta kasi yake inapopita chini kabisa. Tunaomba nafasi tuseme neno kuhusu hizo nyuzi 60, na baada ya hapo kuhusu njia ya nishati yenyewe, yaani kulinganisha nishati ya gololi juu na chini badala ya kufuata kani njiani. Njia hii hufundishwa kama kiraka cha mwisho wa mada, ilhali ndiyo iliyostahili kutangulia.

Gololi ikivutwa kando inapanda. Kimo ilichopanda si urefu wa uzi mara kosaini ya pembe. Hicho ni kina cha gololi kutoka kwenye egemeo, yaani pale juu uzi ulipofungwa. Kimo hupatikana kwa kutoa kina hicho kwenye urefu wote wa uzi: h = L(1 − cos θ), L ikiwa urefu wa uzi na θ pembe. Anayesahau kutoa huandika h = L cos θ. Sasa kosaini ya nyuzi 60 ni 0.5, na 1 ukitoa 0.5 inabaki 0.5. Aliyepatia na aliyekosea wote wanapata kimo cha sentimita 50, kasi ya mita 3.13 kwa sekunde, na alama zote. Msahihishaji anayetazama jibu la mwisho hana namna ya kuwatenganisha.

Badilisha pembe iwe nyuzi 40 uone. Kimo sahihi ni sentimita 23.4 na kasi ni mita 2.14 kwa sekunde. Aliyesahau kutoa atapata sentimita 76.6 na mita 3.87 kwa sekunde, na kosa litajianika lenyewe. Tena mwanafunzi anaweza kujikagua bila kumsubiri mwalimu: aweke pembe ya sifuri kwenye fomula yake. Gololi iliyotulia chini haijapanda, kwa hiyo h lazima iwe sifuri. L cos θ inampa mita 1 nzima, yaani gololi iliyotulia tuli inadaiwa kuwa imepanda mpaka kwenye egemeo.

Kwa nini nishati iwe njia ya kwanza? Gololi inavutwa na kani mbili tu: uzito wake, na mkazo wa uzi. Mkazo wa uzi wakati wote uko kwenye pembemraba na mwelekeo wa mwendo, kwa hiyo haufanyi kazi yoyote, hautoi wala hauchukui nishati. Unabaki uzito, na kazi ya uzito inategemea tofauti ya kimo peke yake. Njia yote iliyopinda katikati, pamoja na kani zinazobadilika kila nukta, unairuka kwa hatua moja: v² = 2gh, g ikiwa mchapuko wa mvutano wa dunia. Anayeanza na kani hujikuta na mchapuko unaobadilika kila pembe inapobadilika, na hapo ndipo wengi huchomoa zile fomula za mchapuko usiobadilika, v² = u² + 2as, na kupachika urefu wa tao mahali pa s. Jibu linatoka, ila si la pendulumu.

Lakini nishati ina ukimya wake, na mwalimu aseme mapema. Haikuambii mkazo wa uzi ni kiasi gani, kwa sababu mkazo haukuingia kwenye hesabu. Ukiutaka, pata kwanza kasi kwa nishati, kisha rudi kwa Newton: chini kabisa mkazo ni mg + mv²/L (m ni tungamo la gololi), ambayo ni mg(3 − 2 cos θ). Kwa nyuzi 40 ni karibu mara 1.47 ya uzito. Gololi ikiachiwa uzi ukiwa mlalo, ni mara 3. Kosa la kawaida hapa ni kuandika mkazo = mg “kwa sababu chini kabisa iko sawa”. Haiko sawa, inapinda kwenye duara, na kupinda kunahitaji kani ya ziada kuelekea kwenye egemeo. Hapa, kwa haki, nyuzi 60 zina kazi yake halali: mkazo unatoka mara 2 kamili ya uzito, na swali zuri ni kuuliza uzi unaobeba mara mbili ya uzito wa gololi utakatika ukiachiwa kutoka pembe gani.

Tuje kwenye kipindi cha mbembeo, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja, ambako njia hii hasa ndiko inakolipa. Andika nishati yote: nishati mwendo ½mL²ω², ambapo ω ni kasi ya pembe, na nishati tuli mgL(1 − cos θ). Kwa pembe ndogo, 1 − cos θ inakaribia θ²/2. Sasa gololi ikiwa kwenye upeo wa pembe A imesimama kwa nukta, nishati yote ni tuli: ½mgLA². Ikipita chini nishati yote ni ya mwendo, na kasi yake ya pembe ya juu kabisa ni ΩA, ambapo Ω ni frikwensi ya pembe: ½mL²Ω²A². Zilinganishe. A inajifuta, m inajifuta, inabaki Ω² = g/L. Kwa uzi wa mita 1, kipindi 2π/Ω ni sekunde 2.007. Njia hii ya kulinganisha vilele viwili huitwa kwa jina la Lord Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza, na wahandisi huitumia kwenye mitikisiko ya vitu vikubwa kuliko gololi.

Mitego mitatu iko hapo. Wa kwanza ni herufi. ω inabadilika kila wakati, ni sifuri kwenye ncha na kubwa chini. Ω haibadiliki, ndiyo inayobeba kipindi. Vitabu vingi huandika zote mbili kwa herufi moja, na mwanafunzi anaweka kasi ya gololi mahali pa frikwensi ya pembe. Zipewe herufi tofauti tangu ubaoni.

Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu unaonekana kama usomi: “pembe ni ndogo, kwa hiyo cos θ ni 1.” Ukiandika hivyo, nishati tuli yote imetoweka, na pendulumu haina sababu ya kurudi. Kwenye mlinganyo wa kani unaruhusiwa kuishia kwenye θ, kwa sababu sin θ inakaribia θ. Kwenye mlinganyo wa nishati lazima uende hatua moja mbele mpaka θ². Kani hutokana na jinsi nishati tuli inavyobadilika, na ukishusha ngazi moja, θ² ndiyo inayokuwa θ. Ukiitupa θ², umeitupa kani.

Wa tatu ni kipimo cha pembe: θ²/2 ni ya radiani. Nyuzi 10 ni radiani 0.1745, na nusu ya mraba wake ni 0.01523, 1 − cos 10° ni 0.01519. Tofauti ni robo ya asilimia. Anayeweka 10 yenyewe anapata 50, na bado wapo wanaoendelea na hesabu kana kwamba hakuna lililotokea.

Mwenye mashaka na kulinganisha vilele atumie njia ndefu kidogo: nishati jumla haibadiliki, kwa hiyo kasi ya mabadiliko yake kwa wakati ni sifuri. Ukiichambua hivyo, ω inatokea kwenye kila kipande na unaigawanya, unabaki na mlinganyo wa mwendo kamili wenye sin θ, bila kuchora kani hata moja. Ukigawanya kwa ω kumbuka kwamba ni sifuri kwenye ncha za mbembeo. Hapo mlinganyo unashika kwa sababu mwendo hauna mkatiko. Sentensi moja inatosha, ila iandikwe.

Uzi na gololi ni swali jepesi, na mtu anaweza kusema hata kani zingetosha. Chukua basi ufito wa mita 1, mnyoofu na wenye unene sawa, umetundikwa kwenye ncha moja. Kwa nishati hakuna kipya: mahali pa mL² weka momenti ya inesha (kipimo cha ugumu wa kukizungusha kitu) kuhusu egemeo, ambayo ni mL²/3, na kimo pima cha kitovu cha uzito, kilicho nusu ya urefu. Ω² = 3g/2L, kipindi sekunde 1.64. Kosa lake lina alama ya vidole isiyofutika: anayechukua mL²/12, ambayo ni momenti ya inesha kuhusu katikati ya ufito, anapata sekunde 0.82, nusu kamili ya jibu. Mwalimu akiona nusu kamili, asipoteze muda kutafuta. Kosa ni hilo. Na tairi jembamba au pete iliyotundikwa msumarini hutoa jibu zuri kulitazama: momenti ni 2mR², na pete inabembea sawasawa na gololi ndogo kwenye uzi wenye urefu wa kipenyo chake.

Inafaa wanafunzi wajue kwamba hii si njia ya mkato iliyobuniwa juzi. Christiaan Huygens, mwanasayansi Mholanzi aliyebuni saa ya pendulumu mwaka 1656, alilifumbua fumbo la pendulumu zenye umbo, kama huo ufito, katika kazi aliyochapisha mwaka 1673. Msingi wake ulikuwa kwamba kitovu cha uzito cha vitu vinavyobembea hakiwezi kupanda juu ya kimo kilikoangukia. Ni hoja ya nishati tupu, kabla neno nishati halijaingia kwenye fizikia, na miaka 14 kabla Newton hajachapisha sheria zake za mwendo.

Swali tunalolipenda kuliko yote ni la ufito uliosimama wima juu ya egemeo, unaoshikiliwa na springi. Ufito mwepesi wa mita 0.4, juu yake kuna gololi ya kilo 0.5, na springi ya mlalo yenye ugumu k wa niutoni 200 kwa mita imefungwa umbali a kutoka kwenye egemeo, ikiwa haina mvuto ufito ukiwa wima. Ufito ukiinama, springi inaongeza ½ka²θ² lakini gololi inashuka, inatoa ½mgLθ². Nishati tuli ni ½(ka² − mgL)θ², na mabano hayo yanakuambia kila kitu. Yakiwa chanya ufito unabembea. Yakiwa hasi unaanguka. mgL ni 1.96, kwa hiyo a ikizidi kidogo sentimita 9.9 ufito unasimama. Funga springi kwenye sentimita 20: ka² ni 8, Ω² ni 6.04 gawanya kwa 0.08, yaani 75.5, na kipindi ni sekunde 0.72. Wengi hukosea alama ya uzito, wakiibeba chanya kutoka kwenye pendulumu ya kawaida. Jiulize tu: kitu kikiondoka pale kilipotulia, kimepanda au kimeshuka?

Pembe zikiwa kubwa, fomula ya 2π√(L/g) inapunja kipindi. Kipindi halisi kinazidi kwa takriban A²/16, A ikiwa kwa radiani: kwa upeo wa nyuzi 10 ni asilimia 0.19, kwa nyuzi 30 ni 1.7, kwa nyuzi 60 ni 7.3, na kwa nyuzi 90 ni 18. (Hizo mbili za mwisho zinahitaji vipande zaidi ya A²/16, nishati ndiyo inayovitoa.) Mwanafunzi wa maabara anayebembeza kwa nyuzi 30 ili “aone vizuri”, kisha akatafuta g, atapata 9.47 badala ya 9.8, na atalaumu upepo.

Tukiwa hapo maabara: urefu upimwe kutoka kwenye egemeo hadi katikati ya gololi. Ukiishia juu ya gololi yenye nusu kipenyo cha sentimita 2, g yako inapungua kwa asilimia 2. Saa ibonyezwe gololi ikipita chini, inakokwenda kasi zaidi, wala si kwenye ncha inakositasita. Na kuhesabu kuanze na “sifuri”. Anayesema “moja” wakati wa kubonyeza, akifika ishirini amepima mibembeo 19, na g inatoka karibu 10.9. Mbembeo mmoja ni kwenda na kurudi. Kosa la kuhesabu nusu ni kubwa mno kiasi kwamba hugundulika papo hapo.

Kuna mahali nishati peke yake inapotosha, na tusingependa barua hii isomwe kama mahubiri ya njia moja. Galileo alieleza mwaka 1638 jinsi gololi inavyopanda kimo kilekile hata uzi ukikwama kwenye msumari katikati ya njia. Sasa uliza: uzi wa mita 1 umeachiwa ukiwa mlalo, msumari uwe umbali gani chini ya egemeo ili gololi izunguke duara zima kwenye msumari? Mwenye nishati tu atasema sentimita 50, maana hapo gololi ingefika juu ya duara dogo ikiwa na kasi sifuri. Haifiki. Uzi ungelegea kabla, kwa kuwa uzi unavuta, hausukumi. Juu ya duara lenye nusu kipenyo r, kasi lazima itimize v² ≥ gr, na nishati inasema v² = 2g(L − 2r). Ukiziunganisha, r isizidi sentimita 40, msumari uwe angalau sentimita 60 chini. Kwa ufito badala ya uzi sharti ni jingine, maana ufito unaweza kusukuma.

Lililo baya kuliko hilo ni la kugongana. Risasi ya gramu 10 yenye kasi ya mita 300 kwa sekunde inaingia kwenye gogo la kilo 2 lililoning’inizwa na kukwama ndani. Benjamin Robins, mwanasayansi Mwingereza, alitumia chombo cha namna hii kupima kasi ya risasi, na mwaka 1742 akachapisha kazi yake. Ukilinganisha nishati mwendo ya risasi, joule 450, na mgh, utapata kwamba gogo linapanda karibu mita 23, na kamba yake ni mita 1! Ukweli ni hatua mbili: kwanza momentamu (tungamo mara kasi), 0.01 × 300 gawanya kwa 2.01, kasi mita 1.49 kwa sekunde. Ndipo nishati, kimo sentimita 11.4. Zaidi ya joule 447 zimeishia kwenye joto na kuchanika kwa mbao. Jumla ya nishati mwendo na nishati tuli huhifadhiwa baada ya mgongano, wakati wa kupanda, si ndani yake.

Na egemeo likisogea, mkazo unaanza kufanya kazi. Pendulumu iliyotundikwa kwenye kigari kinachoteleza bila msuguano haiwezi kuhesabiwa kwa nishati ya gololi pekee; jumlisha ya kigari, na tumia momentamu ya mlalo kuunganisha kasi zao. Utapata Ω² = (g/L)(1 + m/M), M ikiwa tungamo la kigari. Kigari chenye tungamo sawa na gololi kinashusha kipindi cha uzi wa mita 1 kutoka sekunde 2.007 hadi 1.42. Hewa nayo inakula polepole, ila watu huipunja: nishati huenda na mraba wa upeo, kwa hiyo pembe ikishuka kutoka nyuzi 10 hadi 9, nishati iliyopotea si asilimia 10 bali 19.

Ombi letu kwa wanaotunga maswali ya kurasa hizi ni dogo. Swali la kimo na kasi lisiwe na nyuzi 60. Mpangilio wa alama utenge alama moja kwa sentensi inayosema kwa nini nishati inahifadhiwa kwenye swali lile, yaani ni kani ipi haifanyi kazi na ni sehemu gani ya mwendo inayohusika. Na swali la risasi na gogo lipewe alama zake nyingi kwenye hatua ya momentamu, maana aliyeiruka hata akimaliza hesabu vizuri kaandika mita 23.

Walimu wawili wa fizikia